Mikono ya Dada Stella

Jumapili ya kwanza ya Machi mwaka huu nilimpoteza dada yangu Stella, katika hospitali moja hapa Stockholm. Kwetu Morogoro tulizaliwa wasichana wawili tu, na sasa nimebaki peke yangu. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo mtanisamehe nikiandika kama ninavyoongea. Nataka kuandika juu ya mikono yake na juu ya mtoto wake Baraka, maana najivunia wote wawili.

Enzi zetu, ninyi rika langu mtakumbuka, mchezo haukununuliwa dukani. Mwanasesere alikuwa gunzi la mahindi, mpira ulikuwa soksi iliyoshindiliwa matambara. Sisi wasichana tukishaosha vyombo tulikaa uani kucheza mdako. Unachimba kishimo, unakijaza kokoto, unarusha moja juu, na kabla haijashuka unakumba zile za chini kisha unaidaka ya juu kwa mkono huohuo. Macho yako juu, vidole vinajitafutia chini. Stella alikuwa hashikiki. Alikumba kama anayechota unga. Wasichana wa mtaa mzima walikuja kwetu kushindwa, wakaondoka wakisema ana dawa. Jikoni dagaa wanakaangwa, vumbi limetujaa mpaka kwenye kope, na mama anapaza sauti: "Stella! Hayo mawe ndiyo yatakayokuoa?" Naye anajibu, "Bado moja tu, mama!" Hiyo moja haikuisha mpaka giza liingie.

Maisha yakatuleta Alby, pembeni mwa Stockholm, kwenye maghorofa ya kupanga, tukawa tunapanda treni kwenda mjini kufanya usafi maofisini. Stella alimlea Baraka peke yake. Chini ya jengo letu kuna chumba cha kufulia, kila nyumba na zamu yake, na Stella aliing'ang'ania zamu ya Jumamosi. Nguo zikizunguka kwenye mashine, yeye na mwanawe wanacheza mdako sakafuni. Kokoto aliziokota nje, zile zinazomwagwa njiani wakati wa barafu ili watu wasiteleze. Kwenye saruji huchimbi kishimo, basi alichora duara kwa sabuni. Baraka alilalamika kwa Kiswidi, mama akamjibu kwa Kiswahili: "Tazama juu wewe! Huko chini hakuna anayekuibia."

Mtoto alipokua, mwalimu wa michezo alimpeleka kwenye besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kuudaka, ambao hata Waswidi wengi hawaujui. Kocha alimuuliza amefundishwa wapi kudaka namna ile. Baraka akasema, chumba cha kufulia. Kocha alicheka, akidhani ni utani.

Mwaka jana chuo kimoja cha Marekani kilimchukua kwa sababu ya mchezo huo. Anasimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, katika vile vituo wapigaji wanavyokimbilia, pale mpira unapopita kwa kasi ukiambaa ardhini. Wa mwaka wa kwanza kwa kawaida hukaa benchi, lakini yeye alipangwa tangu mechi ya kwanza. Stella alimtazama kwenye simu, akiwa tayari mgonjwa kitandani. "Mchezo wenyewe siuelewi," aliniambia, "lakini mikono hiyo naijua."

Siku aliyofariki, akina mama wa kanisani walijaa nyumbani na masufuria yao, Wakenya, Wakongo na sisi Watanzania. Wote walikuwa na neno moja: mtoto asiambiwe. Mnaijua desturi yetu, aliye mbali huambiwa mama anaumwa, njoo, ukweli ataukuta mlangoni.

"Kesho ana mechi," alisema jirani yangu Mama Wanjiru. "Wacha acheze kwanza. Ukimwambia leo utamvunja."

"Akiniuliza nitamjibu nini?"

"Si useme tu amelala!"

Nikamwambia mimi hilo siwezi. Nilimpigia Baraka, nikamwomba akae na mwenzake wa chumbani, kisha nikamwambia. Akauliza, kwa Kiswahili, yeye ambaye siku zote hunijibu kwa Kiswidi, "Mama mdogo, aliumia?"

"Aliumia mpaka Ijumaa. Baada ya hapo alitulia."

"Na kesho nicheze?"

"Sijui, mwanangu. Amua wewe."

Alicheza, na kila mpira uliomfikia aliudaka. Kisha akapanda ndege.

Kwetu tungezika kesho yake, lakini hapa maiti husubiri wiki kadhaa. Baraka hakutaka kuondoka kabla ya kumzika mama yake, na huko chuoni nafasi yake alipewa kijana mwingine. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Dada yangu ameondoka, na nafasi ya mwanawe nayo iondoke? Aliporudi chuoni baada ya mazishi alikaa benchi. Mimi nilikaa Alby nikitazama simu ambayo haimwonyeshi.

Mwezi wa Aprili yule kijana aliumia kifundo cha mguu, Baraka akaingia, na hakutoka tena. Mwisho wa msimu ligi yao ilimtaja miongoni mwa wachezaji bora wa mwaka wa kwanza.

Watoto wa siku hizi, ukiwaambia wakae chini wacheze na mawe, watakuuliza yanachajiwa wapi. Sisi tulikuwa na uani, dagaa, na mama wa kutuita ndani. Wao wana kila kitu, na ukiwaita hawasikii, masikio yameziba kwa muziki. Hata hivyo mmoja wao namsifu mbele ya yeyote.

Mechi ya mwisho tuliitazama na Mama Wanjiru, usiku, nje kukiwa bado kweupe kama ilivyo huku majira ya joto. Mpira mmoja ulidunda vibaya, ukamgonga Baraka kifuani, ukamponyoka. Uliofuata ukaja kwake tena. Akaudaka, akautupa kituo cha kwanza kabla mpinzani hajafika, naye akatolewa.

"Wameshinda?" aliuliza Mama Wanjiru filimbi za mashabiki zilipoisha.

"Wamefungwa."

Wenzake waliingia ndani. Baraka alibaki uwanjani kukusanya mabegi ya vifaa, maana hiyo ni kazi ya wa mwaka wa kwanza. Alibeba mawili kila bega, akatembea taratibu, na picha ikakatika.