Fundi Pua na Tumbo la Baruti

Fundi Pua hakutazama bunduki, aliinusa. Ukimpelekea yako, kabla salamu hazijaisha ameshachomoa komeo, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, ameweka pua palipokuwa na komeo, na anavuta pumzi kama mpishi anayeshuku mchuzi wa mwenzake. Kisha uso unakunjamana. Ulikunjamana kwa kila bunduki, maneno tu ndiyo yaliyotofautiana. "Hii inalala chini ya kitanda pamoja na viatu." "Hii umeipaka mafuta ya kupikia, tena yaliyokwisha kaanga samaki." Dereva mmoja wa lori aliambiwa, "Humu ndani mmekufa kitu. Sijui ni mjusi au ni heshima yako."

Watu walirudi hivyo hivyo. Fundi anayekutukana na kazi yake ikawa safi ni bora kuliko anayekuchekea na bunduki ikakulipukia usoni.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha ambalo halikufunguka tangu lipakwe rangi. Ndani yake ilikaa harufu ya baruti iliyoungua, mafuta ya kitani ya kupaka vitako vya mbao vya bunduki, na chai iliyosahauliwa hadi ikaota ngozi. Upande wa pili wa ukuta ilikuwepo bucha ya mkewe, Mama Bucha, mwanamke mpana mwenye sauti ya kukata mfupa. Wanaume waliingia mlango wa kwanza kutengeneza bunduki, wakarudi kupitia mlango wa pili na walichokiua. Kwa hiyo mume alisikia majigambo yao kabla ya msimu, na mke akapokea majibu baada yake. Swala aliyepigwa tumboni hana adabu ya kuficha siri za mtu. Ananuka mpaka barabarani.

Dini ya Fundi Pua ilikuwa moja: magnamu. Asiyejua mambo haya aelewe hivi. Risasi yenyewe, ile inayoruka, inaweza kuwa ileile, ya milimita saba, nene kama penseli. Tofauti iko kwenye ganda lililoishikilia, yaani tumbo la baruti. Kuna ganda la wastani, la urefu wa milimita hamsini na saba, ambalo watu huliita saba-hamsini-na-saba. Na kuna magnamu, ganda lenye kitambi cha mtu aliyechaguliwa bila kupingwa. Magnamu hutupa risasi mbali zaidi, kwa kasi zaidi, na hukulipa shukrani kwa teke la begani. Aliyekuja kuomba saba-hamsini-na-saba alisindikizwa na maneno ya Pua mpaka nje: "Nenda dukani ukanunue mtego wa panya, bibi yangu. Hauna kelele."

Akawa pia na mtihani wake. Alikuwa na ganda moja lisilo na baruti wala fataki ya kuiwasha, lenye risasi juu kama mengine, akaliita Bubu. Mteja akijidai mbele za watu, Pua humjazia bunduki mwenyewe, risasi ya kweli kwanza, Bubu wa pili. Risasi ya kwanza inalia, watu wanapiga makofi. Ya pili inasema "tik" tu, na hapo ndipo unapomjua mtu. Mwenye kuogopa teke hufumba macho, huruka, huchimba ardhi kwa mtutu kabla hata ya kitu kutokea. Bunduki iko kimya na yeye peke yake ndiye aliyelipuka. Mwenyekiti wa chama cha wawindaji, shemeji yake Pua, mdogo wake Mama Bucha, alishawahi kumpigia Bubu magoti. Kinyozi wa jirani, ambaye wote tulimwita Kapera kwa kuwa hakuna mwanamke aliyewahi kumwita kitu kingine, alimpigia Bubu yowe.

Basi Mungu hana haraka. Mwaka jana Pua alishusha mashine ya kukereza kutoka kwenye lori bila kungoja wenzake, mashine ikamkalia, bega la kulia likavunjika. Likaunga vibaya. Hakumwambia mtu. Alijichua dawa ya mnanaa kila asubuhi nyuma ya mlango wa choo, akatoka ananuka kama duka la pipi, akaamini hakuna ajuaye. Mwenye pua kubwa huwa anadhani wenzake wote wana mafua.

Msimu ulipofunguliwa akaenda na magnamu ya kuazima. Akampiga kulungu. Kulungu akaingia vichakani na matumbo yake nje, na Pua akamtafuta mpaka giza likamrudisha. Kulungu alipopatikana, nzi ndio waliomwonyesha. Alikuwa amevimba, mdomo umejaa majani aliyoyatafuna kwa maumivu, na chini ya mkia funza walikuwa wanafanya mkutano mkuu. Pua, mtu wa kunusa, alitapika juu ya viatu vyake mwenyewe.

"Darubini ya kulengea imehama," alisema aliporudi. Akaifungua, akainusa, akailaani darubini ya watu isiyo na kosa.

Mama Bucha alisikiliza huku akinoa kisu. "Sikia, bwana wewe. Ukileta mnyama wa namna hiyo tena, au ukimwacha aoze porini, usihesabu kwamba una mke anayeuza nyama. Piga safi, au bunduki ukaitundike ukutani uipanguse vumbi."

Hapo ndipo palipokuwa na neno. Pua hakuwa mlevi, hakuwa mchezaji bao, hakuwa mtu wa misikiti wala makanisa. Kuwinda ndiyo ilikuwa starehe yake pekee ambayo hakuitukana.

Akaamua kujitengenezea bunduki yake mwenyewe, maana miaka yote alikuwa anawatengenezea wengine na yeye anaazima. Alikuwa na mtutu mmoja ambao haujakatwa chemba, chuma kizuri alichoachiwa na bwana aliyemfundisha kazi, tundu lake milimita saba, limenyooka kama kauli ya mtoto. Kingine kama hicho hakipatikani tena. Mtutu huo ungekubali chemba ya saba-hamsini-na-saba au ya magnamu, moja tu. Chemba ndicho chumba linamokaa ganda. Ukikata ndogo, unaweza siku moja kuipanua. Ukikata kubwa, umekwisha. Chuma kilichotoka hakirudishwi kwa mate.

Akaufunga mtutu kwenye mashine, akalaza juu ya kitambaa vyuma viwili vya kukatia chemba, kimoja chembamba, kingine kinene. Kisha akaanza kuvitazama, na kutazama kukageuka kazi. Siku zikapita. Ndipo Mwenyekiti alipoingia na Kapera nyuma yake, maana mtu akisita hadharani washauri huota kama uyoga kwenye kinyesi.

"Shemeji, unangoja nini?" Mwenyekiti alikaa kwenye kiti kizuri bila kuambiwa. "Chukua kinene. Wewe ndiye baba wa magnamu hapa. Ukikata ile ndogo, chama tutaweka wapi uso?"

"Chama kina uso?" Pua aliuliza. "Mimi nimewahi kuona matumbo tu."

"Nasema kwa heshima yako."

"Heshima yangu iache hapo ilipo. Usiikalie kama kiti changu."

Kapera akanusa hewa. "Fundi, mbona humu kunanukia pipi?"

"Ni wewe na mafuta yako ya kunyolea," Pua alijibu haraka, akashika kile chuma kinene kana kwamba kilikuwa kinatoroka. "Nani kasema nasita? Ni magnamu. Kesho twendeni machimboni, Shemeji ulete yako, niwaonyeshe inavyopigwa. Nikirudi nakata."

Nyuma ya ukuta, shoka la bucha lilisimama katikati ya mfupa.

Machimbo yalikuwa shimo la kokoto lililoachwa, ambako wote walikwenda kujaribu bunduki. Walikwenda Mwenyekiti, Kapera, na wanachama wengine ambao hawakosi aibu ya mtu. Mama Bucha naye alikuja, bado kavaa aproni, akisema bucha haina wateja. Uongo mtupu. Bucha yake haikuwahi kukosa wateja hata siku ya kwaresima.

"Lete nikujazie," alimwambia mumewe, akachukua bunduki ya mdogo wake. "Mikono yako imejaa grisi."

"Tangu lini unajua kujaza bunduki?"

"Nimeishi nyuma ya ukuta wako miaka yote hii. Ningeweza hata kukuzaa."

Watu wakacheka. Pua akalala juu ya gunia la mchanga, akabana kitako begani, akafyatua. Machimbo yakalia. Kokoto zililipuka hatua nyingi kando ya kopo walilolilenga. "Upepo," Pua alisema. Hapakuwa na upepo. Moshi wa sigara ya Kapera ulikuwa umesimama wima kama mlingoti.

Akavuta komeo, akalisukuma, akalenga tena.

Tik.

Bunduki haikufanya kitu. Fundi Pua ndiye aliyefanya. Macho yaliziba, kichwa kikaruka nyuma, mtutu ukachimba mchanga, na kutoka kooni mwake, koo lililowatukana wanaume wa wilaya nzima, ikatoka sauti nyembamba: "Uwii!"

Hakuna aliyecheka. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya. Mwenyekiti alitazama viatu vyake. Kapera, ambaye yowe lake lilikuwa kubwa kuliko hilo, alijifanya kutafuta kiberiti alichokuwa amekishika.

Pua aliinuka taratibu. Akavuta komeo, Bubu akadondoka kiganjani. Akampeleka puani, kwa mazoea tu, na uso ukakunjamana kuliko siku zote. Bubu alinuka mafuta ya kondoo na damu kavu. Alikuwa amelala kwenye mfuko wa aproni.

Akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama.

"Mficha maradhi," alisema Mama Bucha, "kilio humuumbua. Haya, twende nyumbani, nyama yangu iko peke yake."

Walipofika, Pua alimfuata ndani ya bucha, akasimama kati ya ndoano kama mzigo mwingine.

"Umenivua nguo mbele ya wajinga."

"Wajinga wote uliwavua wewe kwanza. Mimi nilikuwa nafua." Akatupa kisu ndani ya beseni. "Unadhani sijui bega? Shuka zangu zinanuka mnanaa mpaka naota nakula pipi. Ningesubiri mpaka ukate? Mtutu wa marehemu bwana wako uharibike, halafu uniletee kulungu mwingine amejaa funza, useme darubini?"

"Saba-hamsini-na-saba ni mtego wa panya."

"Kulungu anajua hilo? Amesoma wapi?"

Mama Bucha akaendelea kwa sauti ambayo kwake ilikuwa ya chini, yaani ilisikika kwa fundi viatu wa jirani tu. "Mimi naona ndani yao. Miaka yote naona ndani yao. Aliyepigwa ndogo mahali pake yuko safi, moyo umetoboka, mwisho. Aliyepigwa kubwa na mtu aliyefumba macho ni ndoo ya uchafu. Sijawahi kukuambia, kwa sababu ulikuwa hutaki kujua, na mimi nilikuwa nataka amani. Sasa amani imenuka."

Pua alirudi karakana, akafunga mlango. Akakichukua chuma kinene, akakinusa, akakirudisha kwenye kitambaa chake, akakifunga kama maiti ndogo. Akakipachika kile chembamba. Akawasha mashine. Mtutu ulizunguka, naye akasukuma kidogo, akarudisha nyuma, akapangusa vinyolea, akatia mafuta, akasukuma tena, na wakati wote alikunja uso kama anayesafisha choo cha stendi. "Bibi," aliuambia mtutu. "Bibi mkubwa wewe." Lakini mkono haukutikisika hata mara moja, na ganda la kipimo lilipoingia, lilikaa bila kucheza.

Desturi ya kazi ni kugonga jina la chemba juu ya mtutu, mtu asije akatia kisichoingia. Mwenyekiti alichungulia mlangoni kushauri. "Gonga magnamu, shemeji. Nani atajua?"

"Atajua wa kwanza atakayesukuma magnamu ndani ikagoma. Na kwa jinsi ninavyokujua, huyo ni wewe." Akagonga tarakimu za saba-hamsini-na-saba kwa nyundo, kubwa kubwa, kwa hasira, kama anayemwandikia mtu kaburi.

Alikwenda porini peke yake, akarudi mchana na kulungu mabegani mwa wachukuzi aliowaita njiani. Mama Bucha alimtundika, akampasua, akaweka pua pale, maana ukikaa na mtu sana unaambukizwa. Tundu moja nyuma ya bega, moyo umetoboka, tumbo zima.

"Hii nauza," alisema.

Pua naye aliinamia, akanusa. Kwa mara ya kwanza niliuona uso ule ukisahau kukunjamana, kisha ukakumbuka. "Amekufa bila kelele," alinung'unika. "Kama bibi."

Wanaume walianza kuja wiki hiyohiyo. Hawakuja pamoja, na hawakuja kupitia mlango wa mbele. Walipita bucha, wakajifanya wananunua maini. Wa kwanza alikuwa Mwenyekiti.

"Shemeji, nataka kama yako ile. Si yangu. Ya mke wangu, anataka kujifunza."

"Mke wako ana bega linalomuuma?"

"Basi tu, ni mwanamke."

Akaja dereva wa lori, naye ya mkewe. Akaja mwanachama aliyewahi kupigania magnamu mpaka akavunja kikombe cha chama, naye ya mkewe, na kwa ushahidi akaonyesha urefu wa mkono wa mke kwa kutumia mkono wake mwenyewe. Pua alizipokea zote kwa kinyaa kilekile, akapima mabega ya waume, akaandika "mke".

Mwisho akaingia Kapera, akatazama huku na huku, akainama juu ya meza.

"Fundi, nitengenezee ile ndogo."

"Ya nani?"

Kapera alitazama ukuta wa bucha.

"Ya mke wangu."

Nyuma ya ukuta Mama Bucha aliangusha shoka kwa kicheko. Fundi Pua alimtazama kinyozi kuanzia utosini hadi viatuni, akakunja uso mpaka macho yakapotea, akachukua kamba ya kupimia.

"Haya," alisema. "Mwambie mkeo avue koti."