Mwamba na Katapila katika Shimo la Anselme

Nikisikia harufu ya udongo mbichi, mguu wangu wa kushoto unaanza kuuma kabla mimi mwenyewe sijakumbuka. Ukuta wa shimo ulitufunika mimi na Modesti, mtoto wa jirani. Mimi ulinifukia hadi kiunoni. Yeye alionekana mkono tu, na ule mkono ulikuwa bado umeshika jembe.

Niwaelezee tulifikaje mule.

Kule Gitambi, kilima chetu, Papa Anselme alikuwa na tanuru la matofali na kitabu kimoja cha picha, bandesine aliyoileta kutoka Bukavu. Ndani yake majitu mawili yalishindana: Mwamba, aliyebeba daraja mabegani, na Katapila, aliyeng'oa miti kama mtu anayepalilia maharage. Jioni alituketisha sisi watoto kando ya tanuru akatusomea, moshi wa tumbaku yake ukitukereketa kooni. Kifaransa hatukukijua; tulimwamini yeye na zile picha. Tukacheza kwa makundi mawili: mimi nilikuwa Mwamba, ingawa msichana. Modesti alikuwa Katapila, na kila nikipita alinitania: "Mwamba gani huyu anaogopa kuku ya mama yake?" Na kweli yule kuku nilimwogopa.

Tulipofika pambano la mwisho, Anselme alifunga kitabu. Akasema atalisoma siku tutakapomwonyesha nani wana nguvu, batoto ba Mwamba ao batoto ba Katapila. Basi tukaanza kumbebea udongo kutoka shimo lake, kundi likishindana na kundi. Tulibeba kwa vichwa, tukitukanana kwa furaha, na matofali yake yakapanda. Mvua ilipozidi, mama alinikataza lile shimo. Anselme akacheka, akasema Mwamba hana mama. Nikarudi shimoni.

"Muchimbe chini kabisa," alituambia. "Udongo muzuri uko chini."

Tukachimba chini, ukuta ukabaki umetuinamia.

Wanaume walinibeba hadi hospitali ya Mibirizi kwa ngobyi, ile machela yetu ya kusukwa. Kwetu kila mwanaume anayekutana na ngobyi njiani anatia bega, hata kama mgonjwa hamjui. Anselme tulikutana naye. Alisogea pembeni, akavua kofia.

Gaspari, aliyekuwa mkubwa wa kilima, kiongozi wetu wa serikali, alikunywa pombe ya ndizi kwa Anselme, kisha akaenda kuwaambia wazazi wa Modesti: "Batoto balikuwa banacheza." Maneno yakaishia hapo, na mtoto akazikwa nayo.

Nami niliyaamini miaka mingi. Niliamini ubishi wetu ndio uliomuua Modesti. Hadi nilipokuwa mtu mzima, nikijenga chumba changu mjini Kamembe, nikaona wanaume wenye ndevu wakibeba udongo uleule kwa vichwa, na hakuna aliyewaambia wanacheza. Waliiita kazi.

Juzi nilimfuata Anselme nyumbani kwake, nyumba ya matofali yale. Akasema, "Maman, ile mambo ni ya zamani. Uiache."

Siachi. Shule niliishia darasa la tatu, lakini majina nayajua kuandika: Anselme. Gaspari. Mama yake Modesti bado yuko hai, na hadi leo anaamini mwanawe alikufa kwa utundu. Nendeni kwake, nyinyi wawili, kwa miguu yenu mizima. Mkae mbele yake, mmwambie kwa midomo yenu: siku ile, mtoto wake alikuwa anamfanyia nani kazi?