Nilibadilisha neno moja kwenye makala ya muuguzi wa Pangi

Wakuu, salaam kwenu.

Hili silipambi. Wengine mtanitukana, sawa tu, nimeshazeeka.

Ilikuwa Kindu, enzi za Zaire, tukiitana Citoyen na Citoyenne, yaani raia. Tulikuwa wanafunzi wanne, tumemaliza graduat, ile miaka mitatu ya kwanza ya chuo, tunaandaa licence, digrii kamili. Mwalimu wetu, Citoyen Kabambi, akaamua tujifunze kutengeneza jarida la kisayansi. Siyo kusoma habari zake, kulitengeneza hasa: kupokea makala, kuyapeleka kwa wasomaji wa kuyapima, ku-edit, kupiga stensili, kuchapa kwa roneo, ile mashine ya kuzungusha kwa mkono. Mikono ilikuwa myeusi wino hadi kwenye viwiko.

Alikuwa na sheria moja. Ukiona kitu hukielewi, weka alama ya penseli pembeni, umuulize mwandishi.

Rahisi kusema. Barua ya kwenda Pangi ilikuwa inasubiri lori, na lori linasubiri barabara ikauke.

Makala niliyopewa iliandikwa kwa mkono na muuguzi wa huko, Mama Feza. Alikuwa ameona watoto wanaamka siku moja miguu imekakamaa, hawatembei tena. Akafuatilia hadi jikoni. Muhogo mchungu una sumu, na wazee wa zamani waliulowesha majini siku nne ili itoke. Siku hizo, kwa haraka ya kupeleka sokoni, watu walikuwa wanautoa baada ya siku mbili.

Ila mwandiko ulikuwa wa kubanana, na sentensi ndefu. Mimi nikaona ukurasa mmoja "siku nne", mwingine "siku mbili". Nikasema huyu mama amejichanganya. Stensili inasubiri, nataka Citoyen Kabambi aone mimi ni mwepesi.

Kwenye ushauri wa mwisho nikafuta nne, nikaandika mbili. Sikuweka penseli.

Tukachapa. Nakala zikaenda kwenye dispensari za njia ya Pangi. Nilijivuna, wakuu, nilimpelekea hata baba yangu moja.

Baada ya wiki kadhaa, Jumamosi ya salongo, ile kazi ya lazima ya wananchi wote, tunafyeka nyasi uwanjani, akaingia mama mmoja, vumbi hadi kwenye nyusi, jarida mkononi.

"Nani njo aliandika hii mbili?"

Citoyen Kabambi akachukua jarida, akasoma, akaenda ofisini kuleta karatasi ya Mama Feza. Akalinganisha. Kisha akanigeukia.

"Njo mimi, Mama," nikasema, yaani ndiye mimi.

Nilidhani atanipiga. Akakaa chini kwenye nyasi. "Mutoto wangu, mimi nilizunguka vijiji kuwaambia nne. Sasa wananionyesha karatasi. Wanasema, Mama Feza, hata wewe mwenyewe umeandika mbili."

Nikamwambia mwalimu nitaandika barua za kuomba radhi leo hii.

"Barua utaandika," akasema. "Na utazipeleka wewe, kwa miguu yako. Kila nakala ilipofika, na wewe ufike."

Tukachapa vipande vya marekebisho, jina langu chini. Nikaenda na Mama Feza, pengine juu ya lori, pengine kwa miguu.

Dispensari ya kwanza, ukurasa ule ulikuwa umebandikwa ukutani. Nikabandika kipande juu yake. Mwanamke mmoja pale akaniambia muhogo wake ameutoa mtoni jana, siku mbili kamili, uko juani unakauka.

"Urudishe majini, Mama," nikamwambia.

"Karatasi ni ya watu wa masomo. Wewe ni nani?"

"Mimi njo niliiandika. Nilikosea."

Akaniuliza: "Na leo watoto watakula nini?"

Mama Feza njo alimpa ndizi zake za njiani, wakaenda pamoja kuurudisha ule muhogo. Mimi nikawafuata na beseni kichwani, watu wanacheka.

Tulizipata nakala zote isipokuwa mbili. Moja ilisemekana imepelekwa upande wa Kampene, nyingine hakuna aliyejua. Mpaka leo sijui nani alizisoma, wala kama kuna mtoto kijiji fulani aliacha kutembea kwa sababu yangu. Huwa najiuliza hasa nikiona mtu mwenye fimbo mbili.

Baadaye nimefundisha vijana wengi uhariri. Wananiuliza kuhusu sarufi, nukta, namna ya kupanga marejeo. Hayo yote nawafundisha. Lakini nawaambia: mwandishi alikuwepo pale, wewe hukuwepo. Ukiona amejichanganya, huenda wewe njo hujaelewa. Uliza, hata jibu likichukua msimu mzima wa mvua.

Nimemaliza wakuu. Wahariri, waandishi, hata karani wa ofisi: nani humu alishawahi "kusahihisha" kitu kilichokuwa sahihi? Ulikifuata, au ulikiacha kiende? Semeni kweli, nitasoma kila comment.