Visi ya Bastola ya Liège

Syauswa alikuwa fundi wa makufuli na mashini za kushona kule Butembo. Kwa miaka ishirini na mbili hakuna mtu aliyewahi kumwambia mbele ya watu kwamba amekosea.

Upande wa Mutwanga, wajenzi walibomoa ukuta wa nyumba ya zamani ya mzungu mmoja aliyelima kahawa, wakakuta kisanduku chenye bastola ndefu. Bureau ya serikali iliziba mwanzi wake wa risasi kwa chuma, halafu ikaitoa kwa Masera Anne-Marie, mtawa aliyekuwa mkuu wa shule ya wasichana, aliyekusanya vitu vya zamani kwa ajili ya wanafunzi. Masera akamwita Syauswa, aliyetengeneza makufuli ya shule.

“Hii ni ya vita, masera,” akasema mara moja. “Balikuwa banaua nayo batu.”

Masera alikuwa amemwita pia Hadjara, mwanamke wa Beni anayetengeneza saa, binti wa fundi wa bunduki za kuwinda. Hadjara aliigeuza bastola karibu na dirisha.

“Hapana, papa. Hii ni ya kulenga shabaha. Angalia mwanzi: murefu, pembe nane, muzito mbele, ili mukono isitetemeke. Na hapa nyuma, hii alama ya kulengea, visi, hii parafujo ndogo, inaisogeza kushoto na kuume. Mutu wa vita iko na wakati ya kuchezesha visi?” Akaonyesha muhuri mdogo wenye taji. “Ilitoka Liège, Ubelgiji, miaka zaidi ya mia moja. Kule bazungu balikuwa na vyama, siku ya Mungu banapiga makaratasi tu, kuona nani anajua. Uinue nyundo, papa. Vuta kifyatulio polepole.”

Syauswa aliinua nyundo, akavuta. Kabla kidole chake hakijajua kama kimevuta, nyundo ilikuwa imeanguka. Akaona ni kweli: kifyatulio chepesi hivyo hakifai vitani, na hilo ndilo lililomuuma.

“Basi Mama Hadjara ataitengeneza,” akasema Masera. “Papa Syauswa atamusaidia.”

Kusaidia! Siku tatu alikaa naye chumba kimoja, akipitisha mafuta na vitambaa, akiviangalia vidole vyembamba vya Hadjara visivyokosea. Nyumbani hakumaliza chakula.

“Yule mwanamuke alikufanya nini?” akauliza Victoire, mke wake.

Syauswa akaenda kulala.

Siku ya nne, Hadjara alipotoka kwenda kuswali adhuhuri, Syauswa aliichukua ile visi ya alama ya kulengea, iliyofunguliwa na kuwekwa kwenye sahani, ndogo kama mbegu ya mboga ya lengalenga, akaitia mfukoni. Hadjara aliporudi aliitafuta kwa magoti. Alifagia mara mbili, akachekecha vumbi kwa chekeche ya unga. Syauswa naye aliinama, akajifanya anatafuta.

“Masera, ni mimi niliipoteza,” akasema Hadjara jioni.

Kisha akaketi siku mbili na tupa ndogo, akachonga visi mpya kutoka chuma cha saa ya ukuta. Iliingia, ikazunguka. Masera aliita walimu wote waje kuona, wakapiga makofi. Syauswa alisimama mlangoni akiwa na ile nyingine mfukoni. Wivu wake ndio uliomletea Hadjara makofi.

Kesho yake alimngojea kwenye lango, akamnyooshea mkono wazi, visi ikiwa kiganjani.

“Ni mimi niliikamata.”

Hadjara aliitazama visi, hakuichukua.

“Nilipiga magoti, papa. Na wewe ulikuwa unaniangalia.”

“Ndiyo.”

“Juu ya nini ulifanya vile?”

“Ulijua. Mimi sikujua.”

“Uende umuambie masera. Mimi sitakubebea hii.”

Akaenda. Masera hakupiga kelele, lakini makufuli ya shule akampa fundi mwingine.

Siku ya kufungua chumba cha vitu vya zamani, Syauswa alisimama nyuma ya wazazi. Hadjara alikuwa mbele, wasichana wamemzunguka, na wivu ukampanda tena, moto uleule. Msichana mmoja akauliza kwa nini mpigaji alipaswa kuinua nyundo kwa kidole gumba kila mara. Syauswa alijua jibu: ndivyo kifyatulio kinavyokuwa chepesi, na bastola haitingishiki mkononi. Mdomo wake ulifunguka.

Akaufunga, akapenya kati ya wazazi wawili ili asikie Hadjara atakavyoeleza.