Taa ya Kushoto ya Dada Tokie

Dada Tokie ana miaka sabini na minane, na ukimwambia aendeshe pole pole atakuuliza kama unataka kushuka. Mimi naitwa Fusae, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na kila Alhamisi hunipakia mimi na mwenzetu Haruyo kwenye kigari chake cheupe, twende tukaoge kwenye chemchemi ya maji ya moto ng'ambo ya mlima. Basi la kwenda huko lilishafutwa zamani. Bila kigari kile, kila mtu angejiogea kwake peke yake, kimya, kama tumegombana.

Mwanawe Tatsuo anaishi Osaka. Ni mtu wa moyo mzuri, ila wasiwasi umemjaa hadi kwenye kope. Alisoma gazetini habari za wazee wanaokanyaga mafuta wakidhani ni breki, na tangu siku hiyo akawa anamsihi mama yake arudishe leseni polisi. Mama akakataa katakata. Basi Tatsuo naye akaapa kwamba hapandi tena gari lile. Akija likizo, mama yake anamsubiri mbele ya kituo cha treni, injini inanguruma, na yeye anampita, anainamisha kichwa kwa adabu, anaingia kwenye teksi. Teksi inatangulia, kigari kinafuata nyuma, mpaka nyumbani. Mtaa mzima tumecheka sana. Dada Tokie hakuwahi kucheka. Siku moja akimenya figili aliniambia kwamba hakuna kitu kinachomuuma kama mgongo wa mwanawe akiingia kwenye ile teksi.

Mwaka huu, majani ya mlimani yalipoanza kuwa mekundu, ukaguzi wa gari ukakaribia, na Tatsuo akapiga simu.

"Mama, tukubaliane. Likipita ukaguzi, sisemi tena neno. Likifeli, unarudisha leseni."

"Nimekubali. Na uanze kufanya mazoezi ya kufunga mdomo."

Alikata simu kwa madaha. Kisha akatoka nje kulitazama gari lake, na madaha yakamwisha. Injini nzima, breki nzima, lakini taa za mbele zilikuwa zimechomwa na jua mpaka zimekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mwenyewe alitolewa mtoto wa jicho mwaka juzi. Gari lake lilikuwa bado na mtoto wa jicho. Na kwenye ukaguzi kuna mashine inayopima mwanga wa kila taa peke yake. Moja ikishindwa, gari zima limeshindwa.

"Peleka kwa Fundi Minobe," nikamwambia.

"Kwa Minobe? Fusae, nimekukosea nini?"

Nilimwelewa. Minobe ni fundi hodari, gereji yake iko hapo chini ya mtaa, lakini hapokei malipo kwa jirani. Sasa usipomlipa, itabidi upeleke zawadi. Ukipeleka zawadi, mkewe Sumi ataleta zawadi ya kushukuru zawadi. Na wewe utakaa kimya? Huwezi, watu watakuonaje! Aliwahi kumbadilishia Dada Tokie tairi moja tu: zikaenda chenza, zikarudi achari za figili, zikaenda keki, likarudi boga kubwa kama mtoto mchanga. Mchezo ule ulivuka majira ya baridi mawili, na uliisha tu kwa sababu Sumi aliteguka mguu.

"Nilikuwa naota maboksi," Dada Tokie alisema. "Nitazisafisha mwenyewe."

Akaanza na dawa ya meno na mswaki mkuukuu. Taa zikanukia vizuri, zikatakata kidogo. Ndipo Haruyo, ambaye hakuna jambo asilolijua, akaleta dawa ya mbu ya kupuliza. Akapuliza, akafuta kwa kitambaa. Jamani, taa ilimetameta! Tulipiga makofi katikati ya barabara, wanawake wazima na aproni zetu, na Dada Tokie akampigia mwanawe simu pale pale. "Njoo Jumapili. Jumatatu ni ukaguzi, uje ushuhudie."

Ilipofika Jumamosi, ile dawa ilikuwa imeshaitafuna plastiki. Taa zote mbili zilinata, zikajaa mikwaruzo na ukungu mzito kuliko wa mwanzo. Tukazizunguka kama watu wanaotazama ng'ombe mgonjwa.

"Lakini mbu hawatazisogelea," Haruyo akasema.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Dada Tokie naye alicheka, kisha akaweka kiganja juu ya boneti. "Alhamisi zetu zimekwisha, Fusae. Nimezimaliza kwa mkono wangu." Hapo na mimi kicheko kikanikauka.

Jumapili Tatsuo alifika na teksi yake, akamkuta mama yake analiwasha gari, figili ndefu kama mkono iko kwenye kiti cha mbele. Mama alikuwa amesalimu amri, anakwenda kwa Minobe. Mimi na Tatsuo tulimfuata kwa miguu.

Minobe aliinama mbele ya taa, akanusa. "Dada, umepuliza dawa ya mbu?"

"Kidogo."

"Na hii harufu nyingine?"

"Usiulize."

Fundi akatazama jua. Dawa ya kukinga plastiki isichomwe tena, alisema, lazima ikaukie juani, na jua la siku hizi halikai. Taa mbili kwa mtu mmoja hazingewahi. Akageuka, akamtupia Tatsuo kipande cha msasa. "Wewe mkubwa una mikono. Mimi kulia, wewe kushoto."

"Mimi?"

"Namwona mwingine aliyesimama bure?"

Nikatazamana na Dada Tokie. Mtu aliyeomba gari lifeli ndiye aliyekabidhiwa taa.

Wakabandika utepe kuzunguka taa ili rangi ya gari isikwaruzwe, wakamwaga maji, wakaanza kusugua. Taa zikawa nyeupe pe, hazionyeshi kitu.

"Mmeziua!" Dada Tokie akapiga kelele.

"Tulia, Dada. Lazima ziharibike vizuri kwanza."

Mwanzoni Tatsuo alisugua kivivu, kama anafuta meza ya watu. Walipohamia kwenye msasa laini, akavua koti. Walipofika kwenye msasa laini kabisa, ulimi ulikuwa umemtoka pembeni ya mdomo, kama alipokuwa mdogo akijifunza kuandika kwa brashi. Minobe alimaliza upande wake, akapaka polishi, akakaa na chai.

"Inatosha sasa, kijana."

"Haitoshi. Kwenye kona bado kuna umanjano."

Akaendelea. Alipopaka polishi na kufuta, taa ilikuwa safi hadi unaiona balbu ndani na kila kitu kilichoishikilia. Fundi akapuliza dawa ya kukinga, akatufukuza tusije tukagusa. Wakati huo huo Sumi akatokea mlangoni na boksi la chenza. Dada Tokie akafumba macho.

Jumatatu nilipanda na Dada Tokie, Tatsuo akaja nyuma na teksi. Kwenye banda la ukaguzi, ng'ambo ya mlima, dereva anaingia peke yake, kwa hiyo mimi na Tatsuo tulisimama nyuma ya mstari. Juu kuna ubao wa taa: ukipita unaonyesha duara, ukifeli unaonyesha alama ya mkasi. Breki, duara. Taa ya kulia, duara. Mashine ikatambaa hadi kushoto, ikatulia, ikawa kama imelala. Nikahisi mkono wa shati langu unavutwa. Tatsuo alikuwa ameukamata, ananong'ona, "Pita, pita, pita."

Duara!

Aliruka akapiga ukelele, kisha akaona haya, akawainamia wakaguzi wote kuwaomba radhi.

"Si ulitaka lifeli wewe?" nikamuuliza.

"Nilitaka, shangazi. Hadi jana mchana nilitaka." Akajitazama vidole, vilivyochubuka na msasa. "Halafu nikawaza, leseni arudishe asirudishe, mlima huu atauvuka tena walau mara moja. Nimwache auvuke na taa ambayo nimeisugua vibaya kwa makusudi? Mkono ulikataa."

Treni yake ilikuwa mchana ule. Teksi ilikuwa inamngoja nje, na dereva, ambaye amemzoea, akaufungua mlango. Tatsuo akamwinamia, akasema, "Samahani, leo hapana." Akaja kwenye kigari, akakaa mbele karibu na mama yake, akafunga mkanda.

"Washa taa, Mama. Mlimani kuna ukungu."

Dada Tokie akaziwasha. Mimi nilikuwa nyuma na boksi la chenza la Sumi mapajani. Aliendesha pole pole njia nzima hadi kituoni, na hakuna aliyemwomba.