Mpishi wa Meli ya Vita

Nakumbuka siku moja, mwanangu, meli imefunga gatini hapa Lindi inapakia, na mume wangu Hamisi yuko kitandani, kajifunika shuka gubigubi. Naye ndiye mpishi wa meli hiyo.

Nyie mnaopanda basi alfajiri, mkasimama Somanga kununua samaki, mchana mko Dar, hamtanielewa. Enzi zetu masika yakishika, Rufiji haipitiki, na meli ndiyo ilikuwa barabara yetu. Tulikaa juu ya mikeka na kuku wetu na magunia ya korosho. Vilipokuja vita vya Kagera, serikali ikaichukua. Ikapakwa rangi ya majivu, ukafungwa mzinga pale mbele tulipokuwa tukikaa wanawake, ikawa inabeba askari wa huku kusini. Mabaharia walibaki wale wale, na Hamisi wangu akaenda nao.

Vita vikaisha, mzinga ukang'olewa, meli ikarudi kubeba abiria. Hamisi naye akarudi na kofia ya jeshi na maneno mengi. Barazani alisimulia vita mpaka watu wakamwita Kamanda, na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Alipoitwa arudi jikoni, akasema hawezi. Nahodha akatuma mtu kusema kwamba meli ikiondoka bila yeye, kazi anapewa mwingine. Mimi nina mtoto mgongoni na mwingine tumboni! Nililia, nikagomba, wapi. Mtaa mzima ukasema ni kiburi.

Bibi yake alikuwa ametoka Kipatimu kuja kutusalimu. Unajua tena, bibi na mjukuu wa kiume kwa utani wetu ni mke na mume, na mtani hakasirikiwi. Akajifunga kanga kiunoni, akachukua mwiko wangu, akashika njia ya gatini huku akimtangazia kila anayempa shikamoo kwamba mume wake siku hizi mkubwa, hivyo mkewe ndiye anakwenda kupikia abiria. Watu wakamfuata wakicheka. Hamisi kusikia, akakurupuka kumkimbilia, nami nyuma yake. Tulimkuta keshaingia jikoni mwa meli, anauliza unga uko wapi.

Hamisi akasimama mlangoni, asiingie. Halafu, mwanangu, yule mwanamume akalia mbele za watu.

"Si kiburi, bibi," alisema. "Nikishika mwiko nawaona wale vijana na sahani zao. Kuna mmoja kila siku akiniomba ukoko. Baadaye nikamuulizia, nikaambiwa hayupo tena. Na wenzake vilevile."

Kicheko kikakatika. Bibi akaacha utani. Akamshika mkono, akamkalisha juu ya gunia la mchele, wakawasomea marehemu Fatiha pale pale jikoni, mabaharia wakiitikia amina. Kisha akampa mwiko.

"Wale uliwalisha wakashiba, mjukuu wangu. Hawa abiria waliokaa nje nao hawajala."

Hamisi akajifuta uso, akaomba kiberiti. Meli iliondoka naye. Alipikia abiria miaka mingi, mpaka ilipochakaa ikaachwa, na zile hadithi za ukamanda sikuzisikia tena. Alianza kunisimulia mimi zile nyingine, taratibu, kila aliporudi safari.

Basi sikiliza, mwanangu. Ukiitwa kwenye jambo kubwa, nenda. Likiisha, rudi kwenye sufuria zako bila kuona haya, maana watu wanakula kila siku, si siku za vita tu. Na mwenzio akirudi kutoka kwenye mazito akawa na maneno mengi, usikimbilie kusema ana kiburi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikilalia, ubavu kwa ubavu na yule baba, na kunguni wake sikuwajua, kwa kuwa sikuuliza.

Mwenyezi Mungu akujaalie kila uendako urudi salama, na ukirudi, nyumbani pawe na mtu wa kukuuliza umerudije, akakaa chini kungoja jibu.