Mzigua Wao wa Bungu

Mimi milima siipendi, niseme mapema. Sisi Wazigua wa Kang'ata, huku tambarare, tumezoea kuona mbali. Ukisimama uani unamwona mgeni tangu kule kwenye mahindi, unapata nafasi ya kuinjika chai au ya kujificha. Bungu, kule milimani kwa Wasambaa, huoni kitu. Mtu anakutokea kwenye kona, keshakupa shikamoo, na huna pa kukimbilia. Mdogo wangu aliolewa huko tukiwa bado wasichana, na kila nikipanda kumwona hushuka na mafua.

Safari hii sikwenda kutembea. Nilikwenda kumchukua. Majuma machache nyuma tulikuwa hospitali Korogwe, mimi na yeye tu, na daktari mmoja mpole akatuambia kwamba tumboni mle mna uvimbe, tena umeanza kusambaa, awahi hospitali kubwa, asikawie. Mdogo wangu alimshukuru kana kwamba kapewa zawadi. Tulipotoka nje akanishika mkono.

"Dada, nitakwenda. Ila sherehe yetu ipite kwanza. Na usimwambie mtu."

"Sherehe na uvimbe wapi na wapi?"

"Ipite tu, dada."

Nikakubali. Nilijiambia, akishacheza siku hiyo moja nitamfunga kamba kama mbuzi nimshushe. Nilikuwa nimekwisha mwandalia kitanda kwangu na nimezungumza na mwanangu aliyeko Dar atupokee.

Sherehe yenyewe wanaifanya kila kiangazi, mapeasi yakiiva. Wanafunga barabara kutoka msikitini hadi sokoni, barabara ambayo hata ukiifungua magari yanayopita ni ya kuhesabu kwa vidole. Wanawake wanashindana kukimbia na ndoo za maji kichwani, mtaa wa juu unavutana kamba na mtaa wa chini, makande yanapikwa kwenye sufuria za msibani. Vijana wanaweka spika na singeli zao mpaka wazee wachukie. Ni hivyo tu. Lakini mtu wa Bungu akikusimulia utadhani ni Maulidi na Idi zimekutana.

Nilifika asubuhi ya siku yenyewe. Nilipomkumbatia mdogo wangu mlangoni, mkono wangu ulipita khanga, ukapita sweta, ukapita khanga nyingine, ndipo ukamkuta. Nikaanza kulia palepale.

"Ukinililia mimi leo utakiona," akasema. "Osha uso, twende."

Asiyejua aelewe kwanza jambo moja. Mzigua na Msambaa ni watani, tangu enzi za mababu. Mtani akikutukana huruhusiwi kununa. Akikuchukulia kuku, ndiyo keshamchukua. Na kwenye msiba mtani ndiye anayecheka wengine wakilia: atajilaza kaburini asitoke mpaka apewe kitu, atamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, atasema marehemu alikuwa mlafi na sasa ubwabwa utabaki. Kazi yake ni hiyo, wafiwa wapate kupumua. Sasa fikiria Mzigua mmoja aliyeolewa katikati ya Wasambaa watupu. Mdogo wangu alikuwa mtani wa mji mzima. Yeye aliwaambia hawaogi kwa kuogopa baridi, wao wakamwambia kwao mvua wanaisikia redioni. Mumewe alipofariki na watoto wakaenda kutafuta maisha, utani ule ndio uliobaki kumshikilia. Siku asiyotukanwa, hakula.

Kwa hiyo tulipotokea barabarani walimshukia wote. "Mzigua katoka! Funikeni sufuria!" Naye akawajibu kila mmoja kwa lake, hakumsahau mtu, huku amenishika bega. Wao waliona dada na dada wanatembea kwa kupendana. Mimi nilikuwa nimembeba.

Aliyeshika kipaza sauti alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, jibaba la tumbo lenye sauti ya kuamsha kijiji. Baada ya kamba kuvutwa akamwita katikati.

"Mzigua wetu! Njoo uwasalimie binadamu."

Mdogo wangu akakipokea kile kipaza sauti. Akasubiri wanyamaze.

"Leo nimekuja kuwaaga," akasema. "Mwakani mtafute Mzigua mwingine wa kuwafundisha kuoga. Mimi nakufa."

Barabara ilipasuka kwa kicheko. Wengine walishikana ili wasianguke. Nami nasema, na nitasema hata mbele ya Mungu, aliwaambia. Aliwaambia kwa Kiswahili kilichonyooka, mbele ya umati, na hakuna hata mmoja aliyemsikia.

Akataka kurudi nilipokuwa, miguu ikakataa. Akakaa chini vumbini, taratibu, kama mtu aliyeamua kupumzika. Basi watani wakapata walichokuwa wakikitafuta. "Kafa! Mzigua kafa kweli!" Mtu akaleta ngazi ya kuchumia mapeasi, wakatandika kitenge, wakamlaza, wakamfunika khanga mpaka kifuani, wanaume wanne wakaiweka begani. Shemeji alikamata mbele. Wakashuka naye barabara nzima, na wanawake wakifuata kwa vilio vya uongo: "Atakula nani viazi vyetu? Bora kafa, alikuwa mlafi!"

Jamani. Niliwakimbilia. Niliwavuta mashati, nikapiga kelele mpaka koo likakauka. "Mteremsheni! Anaumwa! Anaumwa kweli, wallahi!"

Walinitazama kwa furaha. "Mzigua mwingine huyo! Kaja kurithi vyombo!" Mama mmoja akanifunga kitambaa kichwani kama mfiwa na kunipa pole. Nilimsukuma. Akaanguka, akacheka hukohuko chini alikoangukia, maana mtani hanuni. Sijawahi kuchukia watu kama nilivyowachukia saa ile, na walikuwa hawana kosa lolote.

Mdogo wangu alikuwa amelala juu ya ngazi, uso ameuelekeza mbinguni, anacheka mpaka machozi yanaingia masikioni. Aliniona. Akatikisa kichwa kidogo: niache.

Karibu na sokoni shemeji alisimama. Ghafla tu, hata wenzake wa nyuma wakajikwaa. Akaibadilisha ngazi bega, akaiinua kidogo, akaishusha, kama mtu anayepima gunia. Mwaka uliotangulia walimbeba vilevile kwa mzaha, alikuja kuniambia baadaye, na wanaume wanne walihema kwa uzito wake. Akageuza shingo akamtazama mdogo wangu pale juu ya ngazi. Wengine waliendelea kulia vilio vyao. Yeye akasema, "Mshusheni," na hakuwa tena na ile sauti.

Alikuja nyumbani baada ya magharibi. Hakubisha hodi kwa matusi kama desturi yake. Alikaa kwenye kigoda, kofia mkononi, akamwita mdogo wangu kwa jina la heshima ambalo hakuna aliyelitumia tangu aolewe: mke wa kaka.

"Mke wa kaka, unaumwa nini?"

"Njaa ya Kizigua."

"Nakuuliza kweli."

Mdogo wangu akamwambia. Shemeji akageukia kwangu, akasema kesho alfajiri gari analeta yeye, mpaka Korogwe, mpaka Dar, mpaka popote, hata ikibidi auze shamba. Nikasimama palepale nikaanza kufungasha: khanga zake, sweta, kadi ya hospitali, chupa ya mafuta. Nilikuwa naimba, mimi mtu mzima. Nilijua nimeshinda.

Asubuhi gari likaja kweli. Mdogo wangu alikuwa amekwisha amka, amekaa kizingitini, na ule mfuko niliofungasha ameufungua na kila kitu amekirudisha mahali pake.

Nilimtukana. Matusi ya nyumbani, yale ya mama yetu akikasirika. Nikamwambia ni mwongo, mbinafsi, ananiachia nani. Shemeji alijitenga akasimama nyuma ya gari.

"Umemaliza?" mdogo wangu akaniuliza.

"Sijamaliza."

"Dada, yule daktari hakusema nitapona. Wewe ulisikia ulichotaka. Mimi nilisikia alichosema. Nikishuka, nitakufa kwenye korido, watu wananipita kimya, hawajui hata naitwa nani. Hapa wananijua."

"Hapa watakucheka!"

"Ndiyo."

Jua lilikuwa bado halijafika upande wetu wa mlima, na baridi ilikuwa ile ninayoichukia. Akanishika mkono, akausimamisha mwili wake kwa kunitegemea, tukaenda hadi kwenye gari kana kwamba mimi ndiye ninayesindikizwa. Na kweli, ni mimi.

Nikapanda peke yangu, shemeji akawasha. Mdogo wangu akainama dirishani, akasogea mpaka nikaisikia pumzi yake.

"Siku yangu ikifika, watakuja na mambo yao. Atakuwepo wa kujilaza kaburini. Atakuwepo wa kuniigiza. Wewe nakujua, hasira zako. Usije ukawakataza."

Nilitaka kumwambia afungue ule mlango na aingie garini. Nilitaka kumwambia bado ni mdogo.

Nikamwambia, "Sitawakataza."